Mchanga wa Busi katika Somo la Pwani

Karatasi ikitoka tu kwenye mashine ya fotokopi, kabla haijapoa, huwa na harufu yake: ya wino uliopashwa moto, ya vumbi lililoungua kidogo, na ya kitu kingine ambacho sijakipatia jina mpaka leo. Nikiisikia harufu hiyo popote nilipo, hata ofisini kwangu nikisubiri mitihani ya wanafunzi itoke, narudi moja kwa moja kwenye chumba cha nyuma cha duka moja la Chang'ombe, mjini Dodoma, nikiwa darasa la tano, nimekaa kwenye benchi lililolegea miguu, kati ya baba yangu na ukuta. Nje upepo wa kiangazi unavuma. Wanaoijua Dodoma wanaujua upepo ule unaoanza mwezi wa sita, mkavu na wa baridi, unaobeba vumbi na kulimwaga ndani ya sufuria, ndani ya masikio, ndani ya daftari. Chumbani mzee mmoja mwembamba anasoma kwa sauti habari za bahari, na katika sisi watatu tulio pale, yeye mwenyewe akiwamo, hakuna aliyewahi kukanyaga ufukwe. Hivyo ndivyo nilivyoanza kujifunza Kireno, lugha inayonilisha hadi leo, na hivyo ndivyo nilivyomharibia baba safari ya maisha yake. Nalisema hili mapema ili msomaji asidhani namletea kichekesho, ingawa wengi wamekicheka.

Baba yangu, Yohana, alikuwa karani wa masjala katika ofisi moja ya serikali. Kazi yake ilikuwa mafaili: kuyapokea, kuyapa namba, kuyapeleka ghorofani kwa wakubwa, kisha kuyasubiri yateremke yakiwa na maandishi mekundu pembeni. Aliifanya kazi hiyo kwa uangalifu ambao hakuna aliyemwomba. Alikuwa na shati moja jeupe la Jumatatu na jingine la siku zilizobaki, na kalamu tatu mfukoni, moja ikiwa haiandiki lakini ikikaa pale kwa ajili ya heshima. Alizaliwa katika kijiji cha Wagogo magharibi mwa mji, akaja mjini kusoma, akabaki. Safari yake ndefu kuliko zote ilikuwa ya Morogoro, nayo ilikuwa ya mazishi. Wakati mwingine, akishavua viatu na kuweka miguu kwenye beseni, alimwambia mama, "Kila siku nayapandisha mafaili juu, mimi nabaki chini." Alikuwa anatania, lakini mama hakucheka, akamwongezea maji ya moto.

Basi ikatokea nafasi. Ilihitajika karani mmoja wa kwenda kufanya kazi katika ofisi moja ya nchi yetu huko Msumbiji, na masharti yalikuwa mawili: awe anaijua masjala, na awe anajua Kireno cha kuanzia. Waombaji walikuwa watatu. Walipewa miezi mitatu ya kujifunza, kisha kila mmoja angesimama mbele ya jopo na kuzungumza kwa dakika kumi juu ya mada aliyopangiwa, kama mwenyeji anayemweleza mgeni. Mmoja alipangiwa mji mkuu wa nchi ile, mwingine vyakula, na baba akapangiwa pwani ya kaskazini. Alirudi nyumbani Nkuhungu siku hiyo akitembea haraka, jambo ambalo hakuwa analifanya, akasimama mlangoni na kofia yake mkononi. "Mama Neema," alisema, "tukafue mapazia. Tunaweza kuondoka mwaka huu." Mimi ndiye Neema. Nilikuwa nimeshaanza kuwaza bahari kabla hajamaliza kusema.

Katika Dodoma yote ya wakati ule, mtu tuliyesikia anafundisha Kireno alikuwa Mwalimu Agostinho. Alizaliwa Msumbiji, lakini kule bara kwenye nyanda za juu, mbali sana na maji ya chumvi. Alivuka Mto Ruvuma akiwa kijana wa shule wakati wa vita, pamoja na mama yake, akasomea kusini mwa nchi yetu, akaoa mwanamke wa Dodoma, na mwisho akafungua duka la fotokopi Chang'ombe. Kireno alikuwa nacho chote, hakikumtoka hata neno. Alikuwa pia na kikohozi, koti la sufu alilovaa hata jua likiwaka, na kitabu kimoja cha wanaoanza kujifunza, kilichochakaa mpaka kurasa zake zikawa zinashikwa na uzi. Somo la saba la kitabu hicho lilihusu pwani. Alilitolea nakala kwenye mashine yake, moja ya baba na moja ya kwake. Mama alikuwa na meza ya mboga sokoni na alirudi jua likizama, kwa hiyo baba alinipitia shuleni na kunibeba kama mzigo wa ziada. Siku ya pili Mwalimu Agostinho alinitazama, akaona macho yangu yako kwenye karatasi ya baba, akarudi kwenye mashine akatoa nakala ya tatu. "Huyu naye asikae bure," alisema, na kuanzia hapo nami nikawa mwanafunzi.

Picha ya somo la saba naikumbuka kuliko picha za ndugu zangu. Kwenye kitabu huenda ilikuwa ya rangi, lakini mashine ile ilijua rangi mbili tu. Bahari ikatoka nyeusi tititi. Minazi ikawa ya kijivu, na mwanamke mmoja mwenye kofia pana hakuwa na uso. Kitu pekee kilichotoka vizuri kilikuwa mchanga: mpana, mweupe, umenyooka kutoka pembe moja ya karatasi hadi nyingine. Chini yake kulikuwa na aya sita fupi. Watu wa pwani wanavua samaki. Watu wa pwani wanakula kamba na nazi. Joto ni kali na mvua ni nyingi. Watalii wanaogelea na kununua makombe. Tulizisoma aya hizo mpaka nikawa naziota. Ulimi wangu ulikuwa mwepesi na wa baba ulikuwa mzito, na hilo halikumuudhi, bali lilimpa raha. Tukirudi nyumbani aliniambia nitangulie kusema, yeye afuate, na tulipita hivyo kwenye vichochoro vya mchanga vya Nkuhungu, mtoto akisema na mzee akiitikia, watu wakitugeukia.

Katikati ya miezi hiyo ikaja likizo ya mwezi wa sita, nikapelekwa Busi, upande wa Kondoa, kwa bibi mzaa mama. Kule ndiko nilikojua maji ni nini. Mto wa Busi kwa sehemu kubwa ya mwaka ni mchanga mtupu, mpana kuliko barabara yoyote, na mgeni akiuona atasema nchi hii imekufa. Asubuhi, kabla jua halijachoma, bibi alinishika mkono tukashuka. Alichagua mahali kwa kuangalia tu, akapiga magoti, akaanza kuchimba kwa mikono, akiutupa mchanga kati ya miguu yake. Mchanga wa juu ulikuwa mkavu, wa chini yake wa baridi, wa chini zaidi mzito na mweusi, na harufu yake ilipanda puani kabla ya maji kuonekana. Kisha maji yalijikusanya taratibu chini ya shimo, mekundu. Hayo aliyachota kwa kata ya kibuyu akayamwaga pembeni. Tukakaa. Bibi hakuwa mtu wa kuharakishwa, na maji nayo hayakuharakishwa. Yalipojikusanya mara ya pili yalikuwa meupe, na hapo ulikuwepo utaratibu wake ambao hakuuvunja hata siku moja: kata ya kwanza ya maji safi hakunywa yeye aliyechimba. Alimpa mtu yeyote aliyemkuta pale, akiwa mchunga mbuzi au mpita njia asiyemjua. Kama hapakuwa na mtu, alinipa mimi. Akimaliza kujaza ndoo alifunika shimo kwa matawi ya miiba ili mifugo isiingie, na akaacha kata juu yake kwa atakayekuja.

Niliporudi Chang'ombe, nilikuwa na swali. Nililibeba njia nzima, juu ya gunia la ulezi, na nililitoa kabla hata sijakaa vizuri. "Mwalimu, hawa watu wa pwani maji ya kunywa wanachota wapi?" Mwalimu Agostinho aliisoma tena karatasi, akaigeuza nyuma, ambako hakukuwa na kitu. Katika aya zote sita watu walikula, waliogelea, waliuza na kununua, lakini hakuna aliyebeba ndoo. "Kitabu hakisemi," alikiri. Baba alivaa miwani, akaivuta picha karibu. "Bahari ina chumvi, hilo tunalijua," alisema. "Lakini mchanga si huu hapa?" Tukaangalia wote watatu. Ulikuwa mchanga wa Busi kabisa, upana uleule, weupe uleule. Mwalimu Agostinho akasema kwao kule nyanda za juu, vijito vikikauka, mama yake naye alichimba. Hatukubishana hata kidogo. Kwa watu kama sisi, penye mchanga mpana hivyo na watu wanaishi kando yake, jibu lilikuwa moja tu. Hata leo nikiwaza, sioni ni nani kati yetu angelitilia shaka.

Hotuba ya baba niliiandika mimi. Alinipa kazi hiyo mwenyewe, kwa sababu mwandiko wangu ulisomeka na maneno yalinijia haraka, na Mwalimu Agostinho alisahihisha tu pale nilipokosea viambishi. Sentensi ya maji niliiweka ya kwanza kabisa, mbele ya samaki, mbele ya minazi. Mgeni kwetu huambiwa kwanza maji yako wapi, mengine yanafuata, nami nilikuwa nimeambiwa kwamba baba atazungumza kama mwenyeji. Niliandika: *Na praia, as pessoas cavam a areia e bebem água doce.* Ufukweni watu wanachimba mchanga na kunywa maji matamu. Nilijivuna kwa sentensi ile kama mtu aliyejenga nyumba. Baba aliikariri wiki nzima, akizunguka uani na mikono mgongoni, mpaka watoto wa jirani wakaishika, mpaka mama naye, ambaye Kireno hakukijua, akawa anaisema akichambua mchicha. "Ukifika huko hutakosa maji," mama alimtania, "ila sijui kama utajua kuomba chumvi." Nyumba yetu ya vyumba viwili haikuwahi kuwa na furaha kama wiki ile.

Siku ya usaili mama alipiga pasi ya mkaa shati la Jumatatu, ingawa ilikuwa Alhamisi. Baba alipaka viatu rangi mara mbili. Alitoka akinong'ona. Nilikuwa shuleni mchana kutwa bila kusikia neno la mwalimu, na niliporudi nilimkuta amefika kabla yangu, amekaa kwenye kigoda mlangoni, anafungua kamba za viatu taratibu kama vile ni vya mtu mwingine. Mama alikuwa amesimama nyuma yake. "Wamenishukuru," alisema baba. Mama aliingia ndani, na baada ya muda nikasikia anakunja yale mapazia aliyokuwa ameyafua na kuyatoa tayari kwa safari, anayarudisha dirishani.

Kilichotokea nilikijua Jumamosi. Alikuja Simoni, tarishi wa ofisini kwa baba, ambaye siku ile ndiye aliyekuwa akiingiza chai kwenye chumba cha usaili. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa anapenda kusimulia, na alidhani baba ameshayazoea. "Yohana bwana, wewe kiboko!" alianza, kabla hata hajapokea kikombe. "Mzee wa watu kasimama, kafunga tai, eti ufukweni watu wanachimba kisima wanakunywa! Baharini!" Akaeleza kwamba mwenyekiti wa jopo alikuwa mtu wa pwani, mzaliwa wa kulekule kwenye minazi, na aliposikia sentensi ya kwanza alicheka mpaka akavua miwani akafuta macho. Wenzake wakafuata. Mmoja akauliza kama kisima hicho ni cha maji au cha chumvi ya kupikia. Baba alisubiri wamalize, akafungua mdomo aendelee na sentensi ya pili, haikuja. Dakika tisa zilizobaki zote zikampotea pale. Alisimama kidogo, akasema asante, akakaa. Simoni alicheka tena alipofika hapo, na baba akacheka naye, akimmiminia chai. Mimi nilikuwa nimesimama na chupa ya chai mikononi, na masikio yangu yalikuwa yanawaka moto.

Nilimfuata baba jioni ile nyuma ya nyumba alikokuwa akimwagilia mche wake wa mzabibu, mmoja tu, ambao haukuwahi kuzaa kitu cha maana. Nilikuwa nimelia mpaka kwikwi imenishika. Nikamwambia sentensi ile ni yangu, nimeiandika mimi, na mimi ndiye niliyeiweka mwanzo. Baba alimalizia maji yaliyokuwa kwenye kopo. "Niliisoma kabla ya kuisema, mwanangu," alisema. "Ningeiona mbaya ningeikata. Na bado siioni mbaya." Akanitazama, nikaona amechoka kuliko siku zote nilizomjua. "Kwani watu wa huko hawanywi?" Hilo ndilo lililokuwa neno lake la mwisho juu ya jambo hilo. Safari akapewa yule aliyezungumzia vyakula.

Ofisini wakamwita Bwana Kisima. Lilianza kama utani, likawa jina, na mwisho vijana walioajiriwa baadaye hawakujua kama ana jina jingine. "Shikamoo, Bwana Kisima," walimwambia kwa heshima kabisa, naye akaitikia marahaba. Siku ya kumuaga alipostaafu, mshereheshaji alilitangaza kwenye kipaza sauti na ukumbi mzima ukapiga makofi. Mama hakuwahi kuishi nje ya vyumba viwili vya Nkuhungu mpaka baba alipojenga kibanda chetu cha matofali hapohapo mtaani, na hakukaa ndani yake miaka mingi, akafariki. Sitaki kusema kwamba kama tungekwenda Msumbiji angeishi zaidi, kwa sababu sijui. Ninachojua ni kwamba nikiwa msichana nililisema jambo hilo moyoni kila nilipomwona akipandisha mapazia yale, na halikunitoka.

Kireno niliendelea nacho kwa hasira. Watu hudhani mtu husomea lugha kwa mapenzi. Mimi nilitaka siku moja nisimame mbele ya watu wale wanne wa jopo na kuwaambia kitu, ingawa sikujua ni kitu gani. Mwalimu Agostinho alinifundisha mpaka kifua kilipomshinda, akanirithisha kitabu chenye uzi. Nikasoma mpaka chuo, na sasa nina miaka mingi nikiwafundisha watumishi wa serikali hapa Dodoma wanaokwenda kwenye mikutano ya nchi jirani. Wanakuja wamechelewa, simu zinalia, wanataka salamu na maneno ya hotelini, cheti kitoke Ijumaa. Siwalaumu, nami nimechoka. Yule mwenyekiti aliyecheka alifariki zamani, niliona tangazo gazetini, na hata hasira yangu ikabaki haina mtu wa kupelekewa.

Mwaka jana nilipelekwa Msumbiji kwa mwezi mmoja, kwenye mafunzo ya walimu katika mji mmoja wa kaskazini. Jumapili moja wenyeji wangu walinichukua mpaka baharini, kwenye kijiji cha wavuvi. Bahari niliiona, ni ya buluu kama wasemavyo, na nilikuwa nimeshazeeka kidogo kwa kuisubiri, kwa hiyo haikunishtua. Wenzangu walikaa kivulini kula kamba. Mimi nilitembea peke yangu juu ya ufukwe, maji yakiwa yamekupwa, mpaka nikafika mahali ambapo wanawake watatu walikuwa wamepiga magoti mchangani, juu kidogo ya mstari wa takataka unaoachwa na maji yanapojaa. Walikuwa wanachimba kwa mikono, wanautupa mchanga nyuma yao. Ndoo zilikuwa pembeni. Nikakaa palepale.

Mkubwa wao, bibi mmoja aliyejipaka usoni ule unga mweupe wa mti ambao wanawake wa huko hujipaka kulainisha ngozi, alinisalimia kwa Kireno cha kuvunjavunja, nami nikaitikia kwa Kireno changu cha vyeti. Nilimuuliza kama maji hayo ni ya kunywa. Alinishangaa. Akaniambia mvua ikinyesha maji huzama mchangani na kukaa chini, na mtu akichimba mahali panapofaa, wakati unaofaa, hupata maji matamu. Akisogea chini kidogo hupata ya bahari. Wamekunywa hivyo tangu mama zao. Maji ya kwanza aliyachota kwa kata ya kifuu cha nazi, akayamwaga. Tukasubiri. Ya pili yalipojikusanya meupe, alichota kata moja, akaipitisha mbele ya wenzake na mbele ya kinywa chake mwenyewe, akanipa mimi, mgeni niliyemkuta pale. Nililia mbele ya wale wanawake bila aibu. Walidhani nina msiba, wakanipa pole, na nikaona hawajakosea sana.

Niliomba nijaze chupa ndogo. Niliifunga katika nguo ndani ya sanduku mpaka Dodoma, nikamkuta baba uani Nkuhungu, chini ya tangi jeusi la plastiki, anasubiri siku ya maji ya mtaa wetu kama anavyosubiri kila wiki. Masikio yake sasa ni mazito, lazima umkaribie. Nilimweleza yote taratibu, nikamimina kwenye kikombe. Alionja, akakaa nayo mdomoni, akameza. Hakuruka kwa furaha, hakusema kwamba alijua. "Yana chumvi kidogo," alisema. "Kama ya Busi mwezi wa kumi." Kisha akayamaliza yote, akakifuta kikombe kwa kidole gumba.

Habari za Busi yenyewe sikumwambia. Nilipita kule kabla ya safari, nikashuka mtoni. Malori yamekuwa yakiteremka humo kuchota mchanga kupeleka mjini, ambako kila siku linapanda jengo jipya, na mahali bibi alipokuwa anachagua kwa macho pamebaki mwamba na udongo mgumu. Hakuna cha kuchimba. Nyumba nzuri za mji huu, pamoja na jengo la ofisi ninamofundishia, zimesimama kwa mchanga wa mito kama ile, na ndani yake tunafungua bomba tunasikia upepo. Maji tunanunua kwenye chupa. Wakati wa bibi, mtu asiye na kitu aliweza kukupa kata ya kwanza bila kukujua. Sasa mimi mwenye mshahara nafunga tangi langu kwa kufuli, kama majirani zangu wote.

Mwezi huu nimepewa kazi ya kuandika kitabu kipya cha wanafunzi wetu wa Kireno, na somo la saba, kwa kupenda kwangu, nimeliweka lihusu pwani. Sentensi ya kwanza ni ileile, neno kwa neno. Mratibu wetu, kijana mwerevu mwenye haraka, alinirudishia rasimu ameizungushia duara jekundu. "Mwalimu, hii ya kuchimba mchanga tuitoe," alisema. "Watu watatucheka. Tuweke fukwe nzuri, hoteli, utalii." Nilikuwa nimechoka siku hiyo, na ukweli ni kwamba nilikuwa tayari kuitoa. Ni sentensi moja tu, na kitabu kinatakiwa haraka. Niliichukua rasimu nyumbani, nikamwonyesha baba, zaidi kwa mazoea kuliko kwa kuomba ushauri.

Alivaa miwani akaisogeza karatasi mwangani. Ilikuwa bado ina harufu kidogo ya mashine. Nilidhani ameshasahau, lakini hakusoma hata. Alilitazama tu lile duara jekundu na kuisema sentensi yote kwa kichwa, bila kukwama, kwa lafudhi ya Mwalimu Agostinho. Halafu nikaona midomo inaendelea kusogea. Sentensi ya pili ikatoka, ya samaki. Ikafuata ya tatu. Alisimama, akashika nguzo ya baraza kwa mkono mmoja, akaisema hotuba yote niliyomwandikia nikiwa darasa la tano, kuanzia maji mpaka kwaheri ya mwisho, na mimi peke yangu ndiye niliyekuwa jopo. Alipomaliza alisema asante, akakaa.

Nilimuuliza kwa sauti ya juu, ili asikie, kama niitoe ile ya kwanza, maana wanasema watu watacheka.

"Iache," alisema baba. "Kicheko chake nimeshakimaliza mimi."